Siku Sita na Mjomba Kwenye Maji ya Robert Smalls

Jumatatu, 12 Mei. Charleston, South Carolina

Mjomba aliendesha majahazi kati ya Pangani, Tanga na Unguja kwa zaidi ya miaka thelathini. Amekuja kunitembelea Raleigh kwa miezi miwili, na wiki ya kwanza nilimzungusha madukani. Wiki ya pili akaniambia, "Mjomba, maduka nimeyaona. Nipeleke penye bahari."

Nikamkumbuka Robert Smalls, mtumwa aliyeichukua meli ya jeshi la mabwana zake na kuipitisha mbele ya mizinga yao, usiku wa kuamkia 13 Mei 1862. Tarehe ilikuwa inakaribia. Nikaomba likizo, tukapakia mabegi, nikamwambia Mjomba kwamba tunakwenda kumtazama mwenzake kazini.

Tumeingia Charleston alasiri. Kabla ya kutafuta hoteli tulipita Hampton Park, bustani ya mji yenye mialoni mikubwa iliyoning'iniza ndevu za kijivu. Barabara inayoizunguka ina umbo la yai kwa sababu hapa palikuwa na uwanja wa mbio za farasi wa matajiri. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani (1861 hadi 1865), majimbo ya Kusini yenye watumwa dhidi ya Kaskazini, vilipokaribia kwisha, jeshi la Kusini liliwafungia hapa mateka wa Kaskazini bila hata paa juu ya vichwa vyao. Wasiopungua 257 walikufa, wakafukiwa pamoja kwenye shimo nyuma ya majukwaa.

Mji uliposhindwa, wafanyakazi weusi, ambao muda mfupi kabla walikuwa watumwa, waliwafukua maiti wale na kumzika kila mmoja kwenye kaburi lake. Wakajenga uzio, wakaupaka chokaa. Tarehe 1 Mei 1865 watu wapatao 10,000 walikuja kuwaombea, na mbele yao walitangulia watoto wa shule karibu 3,000 wenye maua mikononi. Marekani nzima sasa ina sikukuu ya kuwakumbuka askari waliokufa, na hii ni miongoni mwa ibada za mwanzo kabisa za namna hiyo. Mji wenyewe uliisahau zaidi ya karne moja, mpaka miaka ya 1990 mwanahistoria David Blight alipokutana nayo kwenye makaratasi ya zamani.

Mjomba aliuliza makaburi yako wapi. Nikamwambia yalihamishiwa Beaufort, tutayakuta Ijumaa. Hata hivyo aliinua mikono, akawaombea papo hapo.

Jumanne, 13 Mei. Charleston

Saa tisa usiku tulikuwa tumesimama ukingoni mwa bandari. Mwezi mpevu, upepo hakuna. Mjomba aliinama kuangalia nguzo za gati na alama ya unyevu iliyobaki juu yake. "Bamvua," akasema. "Yamekupwa, sasa yanageuka." Nilitaka aanze na maji kabla sijamsimulia kitu, kwa sababu nadhani wanaosimulia habari hii huanza na ushujaa na kuiacha kazi nyuma.

Smalls alizaliwa Beaufort mwaka 1839. Alipofika miaka 12, bwana wake alimleta hapa kukodishwa kwa watu. Mshahara ulikwenda kwa bwana, yeye akibakiwa na dola moja kwa wiki. Alihudumu hotelini, aliwasha taa za barabarani, alipakua mizigo bandarini, alishona matanga. Mwishowe akawekwa kwenye usukani wa Planter, meli ya mvuke iliyojengwa kubeba pamba, ambayo jeshi la Kusini liliifanya meli ya kubeba silaha. Kazi yake ilikuwa ya rubani kwa kila hali: alijua mafungu ya mchanga, mikondo, na mahali mabomu ya majini yalipotegwa. Ila kwenye vitabu vyao aliandikwa mshika usukani, kwa kuwa jina la rubani halikutolewa kwa mtumwa.

"Basi walimdhulumu hata jina," Mjomba akasema. Jambo hilo lilimkaa. Alilirudia mara mbili tatu asubuhi hiyo.

Smalls alikuwa na mke, Hannah, na watoto. Bwana wa Hannah alitaka dola 800 ili amwachie mama na binti yake. Kwa mtu wa dola moja kwa wiki, hesabu hiyo ni ya maisha mazima.

Usiku wa 12 Mei nahodha na maofisa wake wawili, wote wazungu, walishuka kulala mjini, kinyume cha amri. Ndani ya meli kulikuwa na mizinga minne ya kuhamishwa, mbali na miwili ya meli yenyewe. Baada ya usiku wa manane Smalls na wenzake waliwasha moto wa boila. Mlinzi alikuwa karibu na gati, akaiona meli ikiondoka, akadhani ni safari ya kawaida.

Hapo nikamwambia Mjomba jambo ambalo halimo katika masimulizi mafupi. Meli haikuelekea baharini. Kwanza ilipanda juu, kwenye gati nyingine, kuwachukua Hannah, watoto na jamaa wa wengine waliokuwa wamejificha.

"Aligeuza kurudi juu?" akauliza.

"Ndiyo, mjomba."

"Na moshi unatoka, na kunakaribia kucha." Alikaa kimya kwa muda. "Chombo kikishang'oka, kukirudisha ni kazi ya moyo. Ningemwogopa mtu huyo, na ningesafiri naye."

Walikuwa watu 16 kwa jumla. Walikubaliana kwamba wakigundulika wataizamisha meli, na isipozama watashikana mikono na kujirusha wote majini. Smalls alivaa koti la nahodha na kofia yake ya ukindu, akasimama dirishani mikono kifuani kama nahodha alivyozoea kusimama. Wenzake walitaka apite mbali na Fort Sumter. Alikataa, chombo kinachokwepa ndicho kinachotiliwa shaka. Karibu saa kumi na nusu alfajiri walikuwa chini ya ngome ile. Akavuta honi: milio miwili mirefu, mmoja mfupi. Mlinzi akajibu wapite.

Walipotoka nje ya masafa ya mizinga, waliteremsha bendera za Kusini wakapandisha shuka nyeupe ya kitandani aliyokuja nayo Hannah. Manowari ya Kaskazini, Onward, ilikwisha kugeuza mizinga iwapige, ndipo baharia mmoja akaiona ile shuka kwenye mwanga wa kwanza.

Mizinga ilikuwa zawadi ndogo. Kubwa ni habari. Smalls alimweleza Admirali Du Pont kwamba ngome ya Cole's Island, iliyolinda mlango wa mto Stono, ilikuwa inabomolewa na mizinga yake inahamishwa. Katika siku chache manowari zikaingia mto ule. Agosti mwaka uleule alikwenda Washington pamoja na mchungaji mmoja, na wakarudi na amri ya Waziri wa Vita, Stanton, ya kuruhusu watu weusi hadi 5,000 waandikwe jeshini kwenye pwani hii. Mtu aliyetoroka mwezi Mei alirudi mwezi Agosti na ruhusa ya kuunda jeshi.

Serikali iliithamini meli kwa dola 9,000 na yeye akapata 1,500. Bei hiyo ilikuwa ya kupunja, na Bunge lenyewe lilikuja kukiri: mwaka 1900 lilimpitishia dola 5,000, ukitoa zile alizokwisha kupokea. Miaka thelathini na minane ya kudai.

Saa tatu na nusu tulipanda feri ya watalii kwenda Sumter. Mjomba hakuitazama ngome sana, alitazama maji ya kusini, upande wa Morris Island. Huko ndiko kikosi cha 54 cha Massachusetts, askari weusi kama 600, kiliposhambulia Fort Wagner tarehe 18 Julai 1863 na kupoteza karibu nusu yao. Bahari imeshaila ngome hiyo. Askari walewale walikaa mwaka na nusu wakikataa mishahara kwa sababu walipunjwa: dola 10 na kukatwa 3 za sare, wakati mzungu alilipwa 13.

Jioni tulikula kamba juu ya uji mzito wa mahindi, na biskuti nyembamba za ufuta. Mjomba alipendezwa na biskuti. Nikamsimulia kwamba kabla ya vita vile, marikani waliyovaa babu zetu wa pwani ilifumwa Massachusetts, kwa pamba iliyochumwa na watumwa wa huku Kusini, na meli za Salem ziliileta Unguja. Bandari hizi zilipozingirwa na manowari, marikani ikaadimika kwetu na vitambaa vya Bombay vikachukua nafasi. Mjomba akakumbuka bibi yake, aliyekuwa bado akiita kitambaa kizito cheupe "marikani" wakati hakuna aliyejua tena kwa nini.

Jumatano, 14 Mei. Edisto

Mvua asubuhi nzima. Edisto ni kisiwa cha mashamba, mabwawa ya chumvi na barabara moja ndefu chini ya miti. Hatukushuka sana garini, lakini hapa ndipo nilipotaka kusimama kuliko popote.

Tarehe 12 Januari 1865, huko Savannah, Jenerali Sherman wa Kaskazini na Waziri Stanton walikaa na viongozi 20 wa makanisa ya watu weusi wakawauliza: mnataka nini? Msemaji wao alikuwa Garrison Frazier, mzee wa miaka 67, ambaye alikuwa amejinunua mwenyewe na mkewe kwa dola 1,000 za dhahabu na fedha. Alijibu kwamba njia bora ya wao kujitunza ni kuwa na ardhi na kuilima kwa mikono yao. Siku nne baadaye Sherman akatoa Amri Maalum Namba 15. Visiwa na ukanda wa pwani kutoka Charleston kushuka hadi Florida vikatengwa kwa ajili yao, kila familia isizidi eka 40. Kufikia katikati ya mwaka watu wapatao 40,000 walikuwa wameshapanda.

Rais Lincoln akauawa. Makamu wake, Andrew Johnson, akashika urais, akawasamehe wenye mashamba, na pamoja na msamaha akawarudishia ardhi. Oktoba alimtuma Jenerali Howard, mkuu wa idara ya walioachwa huru, aje hapa Edisto awaambie watu kanisani kwamba mashamba waliyolima yanarudi kwa mabwana wa zamani. Watu walilia. Mwanamke mmoja akaanza wimbo wa huzuni, kanisa zima likaufuata, na Howard, aliyekuwa mtu wa dini na aliyeichukia kazi aliyotumwa, alishindwa kujizuia.

Kisha wakaandika. Kamati ya watu watatu, Henry Bram, Ishmael Moultrie na Yates Sampson, ilimjibu Howard kwa barua ambayo ipo mpaka leo. Yeye aliwaomba wawasamehe wenye mashamba. Howard alikuwa amepoteza mkono wa kulia vitani, nao walimkumbusha hilo: wewe ulipoteza mkono tu, unaweza kuwasamehe. Lakini mtu aliyenifunga kwenye mti akanichapa viboko 39, akamchapa mama yangu na dada yangu, na sasa hataki nikae hata kwenye kibanda chake kitupu nisipomlimia kwa bei yake, huyo siwezi kumsamehe kwa urahisi.

Niliisoma barua hiyo kwa Kiswahili changu, polepole, mvua ikipiga kioo. Mjomba alikuwa na swali moja. "Amri ile ya jenerali, iliwapa hati?"

Iliwapa karatasi za kukalia. Hati kamili ilitakiwa itoke Bungeni, na Bunge halikuitoa.

Alhamisi, 15 Mei. Mto Combahee

Wenyeji wanaliita jina hili kwa kulifupisha, kama "Kambii". Daraja la barabara kuu namba 17 lina jina la Harriet Tubman, na ukisimama karibu nalo unaona mto wa kahawia na majani ya bwawani mpaka upeo wa macho. Yale matuta yaliyonyooka ndani ya majani ni majaruba ya mpunga ya wakati wa utumwa. Mjomba alisema mto huu ungekuwa Pangani yetu kama wangeupandia mikoko.

Wengi wanamjua Tubman kwa kutorosha watumwa kwa miguu. Wachache wanajua kwamba alikuwa mpelelezi wa jeshi. Usiku wa 1 Juni 1863 meli tatu ziliondoka Beaufort na askari weusi wa Kanali James Montgomery. Moja ilikwama njiani, mbili zikapanda mto huu. Tubman na wapelelezi wake walikuwa wameshazungumza na watumwa wa mashambani, hivyo marubani walijua mabomu yalikotegwa. Alfajiri honi zililia. Watu wakaacha majembe kwenye majaruba wakakimbilia mtoni.

Tubman alisimulia mwenyewe aliyoyaona: mwanamke aliyebeba kichwani sufuria ya wali ungali unafuka moshi, mtoto mgongoni, wengine wakivuta gauni lake, watu na nguruwe wao, na kuku wao. Gauni lake mwenyewe lilichanika kwa kukanyagwa, akaapa kwamba safari nyingine kama hiyo atavaa suruali. Zaidi ya watu 700 waliondoka na meli zile, bila askari hata mmoja wa Tubman na Montgomery kufa.

Kwa kazi ya upelelezi Tubman alidai malipo miaka na miaka. Pensheni aliyoipata uzeeni ilikuwa ya ujane na ya uuguzi. Novemba 2024 jimbo la Maryland lilimpa cheo cha jenerali katika jeshi lake la akiba, miaka 111 baada ya kufa kwake.

Tumelala Beaufort.

Ijumaa, 16 Mei. Beaufort

Nyumba iko Prince Street namba 511. Ni nyeupe, ina baraza juu na chini, ni ya watu binafsi, kwa hiyo tulisimama ng'ambo ya barabara. Nyuma ya nyumba hii, kwenye kibanda cha watumwa, ndipo Lydia alipomzaa Robert Smalls.

Manowari za Kaskazini zilipoiteka bandari ya Port Royal tarehe 7 Novemba 1861, wazungu wa Beaufort walikimbia karibu wote wakaacha nyuma yao watumwa wapatao 10,000. Serikali ikadai kodi ya ardhi. Wenyewe hawapo, kodi haikulipwa, mali ikapigwa mnada. Smalls akaja na fedha zake za Planter akainunua nyumba ya bwana wake.

Baada ya vita familia iliyodai umiliki, ya De Treville, ilimshtaki. Kesi ilipanda mpaka Mahakama Kuu ya Marekani, na mwaka 1878 mahakama ikaamua kwamba mnada ule ulikuwa halali. Tazama tofauti na Edisto. Kule palikuwa na amri ya jenerali, hapa palikuwa na hati ya mnada wa kodi chini ya sheria ya Bunge. Johnson aliweza kuifuta ile ya kwanza kwa kalamu. Hii ya pili ilisimama, na pamoja na nyumba ya Smalls zilisimama hati za mashamba ya watu weusi wengi wa visiwa hivi. Nimesoma vitabu vingi vinavyotaja eka 40, na sijui kwa nini kesi hii haitajwi pamoja nazo.

Familia ya Smalls ilisimulia kwamba bibi wa zamani wa nyumba, akili zikiwa zimempotea, alirudi siku moja akaingia akidhani bado ni kwake, na Smalls akamkaribisha, akampa chumba chake cha zamani. Mjomba alisema hapo yeye asingeweza.

Kanisa la Tabernacle liko karibu, kaburi la Smalls liko kando yake, na sanamu ya Tubman imesimamishwa hapohapo mwaka 2024. Mwaka 1868 Smalls, ambaye kujifunza kusoma kulimjia ukubwani, alikuwa mjumbe wa mkutano wa katiba ya jimbo uliofungua shule za bure kwa watoto wote, weupe na weusi. Akawa mbunge Washington kwa vipindi vitano. Mwaka 1895 walimwita tena kwenye mkutano wa katiba, safari hii ya kuwanyang'anya weusi kura. Wajumbe weusi walikuwa sita tu. Alisimama akasema watu wake hawahitaji utetezi wa pekee, wanahitaji nafasi sawa katika vita vya maisha. Maneno hayo yameandikwa kaburini. Katiba ilipita. Yeye alikataa kuitia saini.

Jioni tulikwenda makaburi ya taifa. Mawe meupe yamepangwa nusu duara kama mbavu za jahazi. Wale wa Charleston wako humu, na pia askari 19 weusi waliofukuliwa Folly Island mwaka 1987 na kuzikwa upya kwa heshima mwaka 1989. Mjomba alimaliza dua aliyoianza Jumatatu.

Jumamosi, 17 Mei. Kisiwa cha St. Helena

Siku ya mwisho. Penn Center ilianza mwaka 1862 kama shule ya watu waliokuwa watumwa miezi michache kabla, vita vikiwa bado vinapiganwa jirani. Laura Towne alitoka Kaskazini kufundisha akabaki mpaka alipokufa, karibu miaka 40. Ng'ambo ya barabara lipo kanisa la matofali lililojengwa na watumwa mwaka 1855, ambao walikaa juu ghorofani wakati mabwana zao wakisali chini. Baada ya Novemba 1861 walishuka chini.

Barabarani tuliona mashamba madogo madogo, nyumba tatu au nne za ndugu kwenye kiwanja kimoja, makaburi ya ukoo chini ya miti. Hawa ndio waliobaki na hati. Lakini mzee mmoja aliyekuwa akiuza kaa pembeni ya barabara alitueleza kilichofuata. Mababu hawakuandika wosia, ardhi ikawa ya warithi wote kwa pamoja, kizazi hadi kizazi, wengine wako New York hawajawahi kufika. Mgeni akinunua fungu la mrithi mmoja, anakwenda mahakamani kudai kiwanja chote kiuzwe, na kinapigwa mnada. Mwaka 2016 jimbo lilipitisha sheria ya kuwalinda warithi, likaipa jina la Clementa Pinckney, seneta na mchungaji aliyeuawa kanisani Charleston mwaka 2015 pamoja na waumini wanane.

Mjomba alinitaka nimtafsirie habari hiyo ya warithi mara mbili. Akamuuliza yule mzee, kupitia kwangu, wangapi wanahesabiwa kwenye shamba lake. Mzee akasema wameshindwa kuwahesabu.

Usiku hakulala. Saa nne, huko Pangani ni saa kumi na moja alfajiri, aliniomba nimpigie mama yangu, dada yake. Alimwamkia haraka haraka, hakumwambia tuko wapi wala tumeona nini.

"Dada, lile shamba la Mwera hati yake iko kwa jina la nani?"

Nilisikia adhana upande wa pili, na mama akivuta kiti.

"Kwani lina hati?" akasema.